Mafahali Wawili Katika Zizi la Atomu

Wanaopinga Kiswahili kitumiwe kufundishia sayansi hupenda kuuliza: je, umbo la molekuli litaelezwaje kwa lugha hiyo? Swali hili aghalabu huulizwa kwa kebehi, na muulizaji hangoji jibu. Makala haya yanashikilia kwamba jibu lipo, na kwamba mwanafunzi wa Makupa amekuwa nalo kabla ya kuingia darasani.

Nadharia inayohusika ni ya msukumano wa jozi za elektroni. Misingi yake iliwekwa na Sidgwick na Powell mwaka 1940, kisha Gillespie na Nyholm wakaiendeleza mwaka 1957. Kiini chake ni hiki: elektroni zina chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Kwa hiyo, jozi za elektroni zinazoizunguka atomu ya kati hujipanga ili kila moja iwe mbali na nyingine iwezekanavyo. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika molekuli zizi ni moja na hapana pa kuhamia. Linalobaki ni kila fahali kujitafutia pembe yake.

Mtoto aliyekulia Makupa amekwisha kuiona kanuni hii harusini. Walaji wawili wakilizunguka sinia la pilau, hukaa wakielekeana. Ndiyo nyuzi 180 za kaboni dioksidi. Wakiwa watatu, huachana kwa nyuzi 120, kama florini tatu zinavyoizunguka boroni. Wakiwa wanne, mkeka huwalazimisha kuachana kwa nyuzi 90. Hapa ndipo mwalimu hodari atakaposimama na kuuliza: je, elektroni nazo zimekaa mkekani? La. Zina nafasi ya juu na ya chini pia. Baluni nne za Idi zikifungwa pamoja shingoni, hazilali bapa. Hutawanyika pande zote na kufanya umbo la nyuso nne, lenye pembe za nyuzi 109.5. Hilo ndilo umbo la methani.

Amonia nayo ina jozi nne, ila moja ni pweke, haikuunganisha atomu yoyote. Kwa kuwa inavutwa na kiini kimoja tu, jozi pweke hutanuka karibu na atomu yake mithili ya mgeni mnene anayewabana wenziwe siniani. Pembe hupungua hadi nyuzi 107. Maji yana jozi pweke mbili, na pembe yake hushuka hadi nyuzi 104.5. Kupinda huku si jambo dogo. Lau molekuli ya maji ingenyooka kama ya kaboni dioksidi, mivuto ya pande zake mbili ingefutana, na maji yasingekuwa na uwezo ule wa kuyeyusha chumvi unaoifanya bahari ya Tudor na Kilindini kuwa bahari.

Ni dhahiri basi kwamba kinachomshinda mwanafunzi si kemia. Nchini Kenya, somo hilo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza katika shule za sekondari. Mwanafunzi hukariri jina la Kigiriki lisilomaanisha zaidi ya nyuso nne, akalitapika katika mtihani, na asiwahi kuliona umbo lenyewe. Jina limemzuia kuona.

Wapo watakaosema kwamba istilahi hazitoshi. Dai hili lina ukweli kidogo tu. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tatizo kubwa ni kwamba istilahi zilizopo hazisemwi madarasani, na istilahi isiyosemwa hufia kamusini. Wapo pia wanaohofia kwamba mwanafunzi atatengwa na ulimwengu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini aliyekwisha kuelewa jambo hujifunza jina lake la pili kwa wepesi; asiyelielewa hana cha kutafsiri.

Wanafunzi wa Kiswahili nao hawana budi kulaumiwa. Wamezoea kutetea lugha kwa hotuba na kuacha kemia kwa wanakemia. Nadharia hii yenyewe ina mipaka, kwani mara nyingi hushindwa kubashiri maumbo ya misombo ya metali za mpito. Atakayeieleza sharti aijue vyema, na mfano wa sinia usimlevye. Basi na waketi pamoja na walimu wa sayansi, waandike somo moja baada ya jingine, walijaribu darasani, kisha walisahihishe. Siku mwanafunzi wa Makupa atakapoulizwa kwa nini maji yamepinda, akaeleza badala ya kukariri, swali la wenye kebehi litakuwa limejibiwa.