Desktopu Nyepesi Yatutosha

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kimegawanyika, na wala si kwa ajili ya ngeli au viti vya uongozi. Tunazozania kompyuta! Naomba ukurasa huu nitoe langu, na asiyeridhika aandike lake toleo lijalo.

Kisa kilianzia Kilelengwani muhula wa pili. Tulimwendea bibi mmoja Mpokomo atuimbie nyimbo za kubembeleza watoto. Si mnajua kwamba wimbo wa taifa tunaouimba gwarideni mahadhi yake yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa namna hiyo, mwaka 1963? Basi bibi akakohoa, akaanza. Katikati ya ubeti wa pili sauti ikawa inakatika, ka-ka-ka, kama redio iliyoishiwa na betri. Tukamwomba arudie. Akarudia, ikakatika tena. Mara ya tatu akacheka, akasema, "Wajukuu wangu, koo limekwisha, njooni siku nyingine." Hiyo siku nyingine hatujaipata hadi leo.

Kosa halikuwa la bibi, wala la maikrofoni. Kompyuta ya chama ni kuukuu, ina gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, nasi tuliiwekea Ubuntu Studio, mfumo huria uliotengenezewa watu wa sauti na picha, pamoja na desktopu yake ya KDE Plasma. Kwa asiyejua, desktopu ni ile sura uionayo mashine ikishawaka: menyu, madirisha, vitufe, picha ya nyuma. Katika Linux sura hii waweza kuivua na kuvaa nyingine kama shati. Ubuntu Studio yenyewe imebadili mara mbili: ilipotoka mwaka 2007 ilivaa GNOME, 2011 ikavaa Xfce, na Oktoba 2020 ikahamia Plasma.

Katibu wetu ashikilia Plasma. Hoja zake si za kitoto, nakiri. Plasma inapendeza, ina zana nzuri kwa wachoraji na wapiga picha, na walioiteua mwaka 2020 walieleza kwamba matumizi yake ya kumbukumbu yanakaribiana na ya Xfce. Tena, asema katibu, kazi ya sauti hupewa kipaumbele mbele ya urembo wote. Sawa bwana! Lakini kukaribiana si kulingana, na mwenye unga wa kibaba huhesabu hata chembe.

Hebu tufanye hesabu. Sauti inaporekodiwa huweza kupimwa mara 48,000 kwa sekunde. Ukipanga vipimo 256 kwa mkupuo, kompyuta ina milisekunde 5 na ushei tu kuumaliza mkupuo huo kabla mwingine haujabisha hodi. Ikichelewa, kipande kimepotea. Sasa kumbukumbu ikijaa, mashine huanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski kuukuu ni kobe. Kipaumbele gani kitamfanya kobe akimbie? Kweli, twaweza kuongeza mkupuo uwe vipimo 1024, tukapata milisekunde 21, na kwa mtu anayesimulia tu latosha. Tungalijua siku ile tungalifanya. Ila kumbukumbu iliyojaa imejaa tu. Likizoni niliijaribu Xfce kwenye mashine iyo hiyo, nikajirekodi saa nzima nikisoma gazeti (masikini dada zangu!), na haikukatika hata mara moja.

Rai yangu ni hii. Tusakinishe Xubuntu, ambayo huja na Xfce, kisha juu yake tuongeze kisakinishi cha Ubuntu Studio, ambacho kimewekwa kwa kazi hiyo hasa, tuchukue zana za sauti peke yake. Audacity inatosha, Ardour ingoje. Picha ya nyuma iwe nyeusi, na ikoni ya kurekodi iwe mahali ambapo hata mtoto mgeni shuleni haitafuti. Gigabaiti kadhaa za kupakua zitatupeleka Garsen, lakini safari ni moja.

Wengine wasema tungoje kompyuta mpya. Tungoje mpaka lini? Septemba 2012 Kilelengwani ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, askari polisi wakiwamo, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa ama tunanyonya. Leo mzee mmoja Muorma amekubali kutusimulia habari za malisho ya zamani, na sauti yake itakaa ndani ya mashine moja na ya yule bibi, bibi akitukubalia tena. Mimi hilo naliona kubwa kuliko vivuli vya madirisha.

Mzee ametupa Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa. Kura ya chama ni Ijumaa yake. Mimi napigia Xfce, na katibu ajue nimeshaanza kampeni.