Chozi wa Pemba na Miti ya Uwanja Wetu



Juma hili tunawaalika kumtafakari kiumbe mdogo sana. Kisiwani Pemba, ng'ambo ya mkondo wa bahari wenye kina kirefu, anaishi ndege aitwaye chozi wa Pemba. Dume ana manyoya ya kijani yenye kung'aa, na mdomo wake mwembamba umepinda ili aufikie utamu ulio ndani ya ua. Akiondoka, hubeba chavua hadi ua jingine. Hivyo hali chakula cha bure. Duniani kote hana makao mengine ila Pemba.

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Katika karne ya 19 mikarafuu ilipandwa kwa wingi, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangamiza mikarafuu ya Unguja. Leo msitu mkubwa uliosalia ni Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Je, chozi ametoweka? La hasha! Angali anaonekana hata bustanini na vijijini, kwa kuwa watu walipojitafutia riziki, maua hayakukosekana karibu na nyumba zao.

Nasi hapa Tunduma tunao chozi, jamaa zake huyo wa Pemba. Majuzi mtoto mmoja alimwangusha kwa manati katika uwanja wa kanisa, akatuletea mkononi. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba hakujua kama ana faida yoyote, maana hana hata nyama. Tulitaka kumkaripia, lakini tukanyamaza. Mezani kwetu palikuwa na pendekezo la kukata miti miwili yenye maua mekundu, tujenge fremu za kupangisha. Hoja yetu na ya mtoto ilikuwa moja: kisicho na faida mkononi hakina haki ya kuishi.

Hatudharau fedha. Mji huu wa mpakani huishi kwa biashara, na parokia ina madeni ya kweli. Lakini Bwana wetu alipowataja shomoro alitaja pia bei yao sokoni, ndogo kabisa, kisha akafundisha kwamba Baba hamsahau hata mmoja. Bei ni jambo moja, thamani ni jambo jingine. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba viumbe vina thamani mbele ya Mungu, mbali na manufaa tunayoyapata kwao.

Chozi wa Pemba amezungukwa na maji. Wa kwetu anazungukwa na mabati. Miti ile miwili ni kisiwa chake. Kwa hiyo maoni yetu, ambayo tutayafikisha mbele ya Halmashauri ya Walei, ni haya: fremu zijengwe upande wa barabara, hata zikipungua idadi, na miti ibaki. Tena kila jumuiya ndogo ndogo ipande mti mmoja wa maua kabla mvua hazijakwisha.

Yule mtoto tumemwomba awe mlinzi wa miti hiyo. Amekubali, na manati ameyaacha kwetu. Sasa ni zamu yetu wakubwa kuweka chini shoka.

Tunawatakieni Dominika njema.