Ukoka unakunywa, watu wanasubiri

Leo naomba nianze kwa kukiri kosa.

Kiangazi kimoja, mgao wa maji ukiwa umepamba moto hapa Morogoro, nilitumwa kumhoji mtu mmoja mwenye jina mjini, anayekaa kule Forest, chini ya mlima. Tulikaa barazani. Akanieleza kwa kirefu jinsi wananchi wanavyochezea maji: hawafungi koki, wanafua ovyo, wanafyatulia matofali maji ya bomba. Nikaandika yote. Nyuma yake, kwenye ukoka uliokatwa vizuri kama kichwa cha kuruta, mpira wa maji ulikuwa umelala chini unamwaga. Dakika arobaini nzima. Hakuna aliyeugusa.

Wakati naondoka, kijana wa bustani alinisindikiza mpaka getini. Anakaa Chamwino. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hivi huu mgao utaisha lini? Kwetu leo siku ya nne."

Habari yangu ikatoka. Kichwa chake kilikuwa kile kile mnachokijua: wananchi watakiwa kutumia maji kwa uangalifu. Mpira haukuwemo. Mhariri hakuukata, mimi ndiye sikuuandika. Nilijiambia ni uungwana, huwezi kunywa chai ya mtu halafu ukamwanika gazetini. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Siku maji yalipotoka nyumbani kwangu Kihonda, ninapopanga, nilichukua ndoo ya lita 20 nikaiweka chini ya bomba, simu mkononi nikihesabu. Ilijaa kwa sekunde 80. Kama mpira ule ulitoa maji kwa kasi hiyo hiyo, basi kwa dakika 40 ulimwaga ndoo 30, yaani lita 600. Sasa linganisha na hili. Mwaka 2018 jiji la Cape Town lilipokaribia kukaukiwa kabisa, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku: kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo, vyote humo humo. Kwa kipimo hicho, wakati mimi nahojiana na mheshimiwa, ukoka wake ulikunywa maji ya siku nzima ya watu 12.

Hoja yangu ni hii: mgao wetu unagawa siku, haugawi maji. Kwenye karatasi unaonekana wa haki sana. Mtaa huu Jumatatu, mtaa ule Alhamisi. Lakini mwenye tenki la lita 5,000 siku yake ikifika anajaza, na wiki nzima hajui kama kuna mgao. Mpangaji mwenye ndoo nne na madumu mawili anapata lita 120. Zikiisha, anamsubiri kijana wa mkokoteni. Na hapo ndipo anapolipa zaidi, kwa sababu uniti moja ya maji ni madumu 50 ya lita 20. Chukua bei ya dumu mtaani kwako, zidisha kwa 50, halafu angalia bili ya bomba ya mwenye ukoka. Utanyamaza kidogo.

Matangazo ya mgao niliyowahi kuyasoma yanatutaka sote "tuyatunze maji." Sijaona hata moja linalosema: katika kipindi hiki, ni marufuku kumwagilia majani kwa mpira. Tena hili si jambo la ajabu duniani. Uingereza, nchi ya mvua na mawingu, kampuni ya Thames Water ilipiga marufuku mipira ya kumwagilia bustani kuanzia Agosti 24, 2022, London ikiwemo. Sheria ya kule inaruhusu faini mpaka pauni 1,000. Sisi wa Mji Kasoro Bahari tunaona haya kumwambia mtu afunge mpira?

Lakini kumwambia mkulima wa Uluguru hatuoni haya. Kila Bwawa la Mindu linapopungua kina, vidole vinaelekea mlimani. Mto Ngerengere unaoingia Mindu huendelea mpaka Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua mpaka Dar ikaingia kwenye mgao, macho yakaelekea huku huku juu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Sina ugomvi nayo, vyanzo vikifa tumekwisha. Ila kwa mama wa Kiluguru mwenye kishamba cha maharage kando ya kijito, mita 60 zinaweza kuwa shamba lote. Yeye anaambiwa aache chakula ili maji yashuke mjini. Yakishafika mjini, sehemu yake inamwagwa kwenye majani ambayo hayaliwi hata na mbuzi.

Historia yetu inatuonya. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuhifadhi udongo wa milima. Mwaka 1955 watu wakagoma, ghasia zikazuka Matombo, mtu akafa kwa risasi, na mpango ukasambaratika. Sheria ya kuhifadhi ikibebwa na bega moja tu, haidumu, hata kama nia yake ni njema.

Najua majibu yatakayokuja. "Nalipa bili yangu." Sawa, lakini Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka matumizi ya binadamu mbele ya mengine yote. Maji yakiwa hayatoshi, bili haikupi haki ya kumtangulia mtoto mwenye kiu. "Mimi nina kisima changu." Shimo ni lako, maji si yako. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma. "Ukoka unazuia vumbi." Kweli, na ukoka uliozoea jua haufi kwa kukauka kidogo. Unageuka kahawia, mvua zikianza unachipua. Bibi zetu hawakuwa na ukoka, walikuwa na uwanja uliofagiliwa alfajiri, na hakuna mgeni aliyeona wana nyumba mbaya.

Ninachotaka si kikubwa. Kwanza, tangazo la mgao liutaje mpira kwa jina, na faini iandikwe. Pili, tuanze na bustani za ofisi za umma, ili mtu wa kawaida aone mfano. Tatu, anayevuka matumizi ya kawaida ya nyumba alipe bei inayouma, lakini nyumba ya wapangaji kumi wenye mita moja isihesabiwe kama familia moja. Nne, anayependa kijani atumie maji ya kufulia na kuogea, kama migomba ya uani inavyonyweshwa miaka yote.

Na sisi waandishi tuache kuandika "wananchi watakiwa" huku tumekalia baraza lenye mpira unaomwaga. Lile la kwangu siwezi kulirudisha. Ila mgao mwingine utakuja, na nitatumwa tena. Mheshimiwa, ukiniona getini kwako nimeshika daftari, funga mpira kwanza. Safari hii nitauandika.