Utepe Mweupe na Kikaango Cheusi

Watu wa pwani hawakuanza leo kutafuta kitu kinachoteleza na kisicholiwa na bahari. Mabaharia wa zamani walipaka deheni chini ya majahazi yao, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili mbao zisitobolewe na wadudu wa baharini. Deheni ilikuwa na kazi yake na mahali pake. Hapana aliyeipaka chunguni. Nathubutu kusema kwamba busara hiyo imetupungukia sisi wa leo katika matumizi ya kitu kiitwacho Teflon.

Kitu hiki ni namna ya plastiki. Alikigundua mkemia wa Kimarekani, Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, tarehe 6 Aprili 1938, naye hakuwa akikitafuta. Alikuwa na mtungi wa gesi. Ulipofunguliwa gesi haikutoka, lakini ulipopimwa uzito wake ulikuwa ule ule. Mtungi ukakatwa, na ndani ukakutwa unga mweupe unaoteleza. Molekuli za gesi zilikuwa zimeungana na kufanya minyororo mirefu ya kaboni iliyozungukwa na florini. Muungano wa kaboni na florini ni mgumu mno kuvunjika. Ndiyo maana tindikali kali haiili plastiki hii, na vitu vingi havigandi juu yake.

Viwandani hutandikwa ndani ya mabomba na vali za kupitishia tindikali, na nyaya za ndege huvikwa. Madaktari nao huitumia kutengeneza mishipa ya damu ya bandia.

Hata kwetu Uroa imefika. Ule utepe mweupe ambao fundi bomba huuzungusha kwenye meno ya mfereji kabla ya kuukaza, ndiyo yenyewe. Huteleza, basi mfereji hukazika vizuri. Hujaza nafasi baina ya meno, basi maji hayavuji. Wala hauozi kwa maji ya chumvi. Yapasa kuuzungusha kwa upande ule ule wa kukazia, ama sivyo utajikunja na kutoka. Katika kijiji chenye ardhi ya mawe, ambako maji matamu ni neema, utepe huu ni mali, ingawa bei yake ni ndogo.

Lakini plastiki hiyo hiyo huja majumbani kwa sura ya kikaango cheusi kisichogandisha chakula, nacho huwekwa juu ya jiko la makaa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Plastiki hii huvumilia joto la kiasi cha digrii 260 za Sentigredi, na makaa yaliyokolea hupita digrii 600. Kikaango kikiachwa kitupu juu ya makaa hayo, plastiki huanza kuvunjika na kutoa mvuke wa sumu, ambao humtia mtu homa na kikohozi, na huweza kuua ndege wanaofugwa ndani ya nyumba. Tena sisi tumezoea kusugua vyombo kwa mchanga na kumbi, na kwa desturi hiyo ngozi ya kikaango hubanduka upesi.

Yuko atakayesema kwamba kikaango hiki hutaka mafuta machache na huoshwa kwa urahisi. Ni kweli. Mwenye jiko la gesi, anayeweza kupunguza moto, akitie mafuta kabla ya kukiteleka, akosheze kwa kitambaa, na atumie mwiko wa mti. Bali mwenye jiko la makaa na abaki na kikaango chake cha chuma. Na mabaki ya utepe yasitupwe katika moto wa taka, kwani mvuke wake ni ule ule.

Wanafunzi wenzangu, huko dahalia tunasoma jedwali la elementi na kuikariri florini kwa ajili ya mtihani. Tunaporudi likizo, mama zetu hawatatuuliza namba yake ya atomiki, lakini wao ndio wanaoinama juu ya jiko na kuvuta mvuke ule. Basi kila mmoja wetu likizo hii na atazame kikaango cha kwao, aeleze kwa adabu anayoyajua, kisha achukue utepe mweupe akaukaze mfereji unaovuja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne