Shutuma Sita Dhidi ya Holden Caulfield

Riwaya ya J. D. Salinger, The Catcher in the Rye, ilitoka Marekani Julai 1951, na tangu hapo msimulizi wake hajatoka kizimbani. Holden Caulfield ana miaka 17 anaposimulia. Alikuwa na 16 yalipomkuta anayoyasimulia. Ametimuliwa Pencey, shule ya bweni huko Pennsylvania, baada ya kufeli masomo manne kati ya matano. Badala ya kusubiri shule ifungwe kwa Krismasi, anaondoka usiku wa Jumamosi, anapanda treni hadi New York, na mpaka Jumatatu anazurura mjini kwa kuogopa kuwakabili wazazi. Shutuma anazotupiwa ni zilezile miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo zinajibika moja moja. Karibu zote zina kosa moja nyuma yake: wanaomshutumu husikiliza mdomo wake, hawatazami anachofanya.

1. “Ni mtoto wa kitajiri anayedeka tu.”

Utajiri haubishaniwi. Baba ni mwanasheria wa makampuni, na bibi yake, kwa kusahausahau, humtumia pesa za siku ya kuzaliwa mara nne kwa mwaka. Lakini huyu pia ni mfiwa. Mdogo wake Allie alikufa kwa saratani ya damu mwezi Julai 1946, akiwa na miaka 11. Usiku huo Holden, mwenye miaka 13, alilala gereji akavunja madirisha yote kwa ngumi. Mkono uliumia vibaya hata siku ya maziko ikamkuta bado hospitali. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa kukosa maziko ya ndugu wa tumbo moja. Wazazi walitaka kumpeleka kwa daktari wa akili, na sababu iliyotajwa ilikuwa madirisha.

Kisha kuna James Castle, mwanafunzi wa shule aliyosoma awali. Alimwita mwenzake mtu wa majivuno, naye mwenzake huyo na wengine wakamfungia chumbani na kumtesa ili afute kauli. Hakuifuta, aliruka dirishani akafa, mwilini akiwa na sweta aliloazimwa na Holden. Waliomtesa walifukuzwa shule tu, hata jela hawakupelekwa. Kijana aliyeona hayo akisema watu wazima ni waongo, hana haja ya kuwa maskini ndipo tumwamini.

Pesa zenyewe zinamnunulia chumba cha hoteli, hazimnunulii mtu wa kuongea naye. Anaposhuka kwenye treni katika stesheni ya Penn Station anaingia kwenye kibanda cha simu, anawapitia moyoni watu wote anaoweza kuwapigia, na baada ya kama dakika 20 anatoka bila kumpigia yeyote.

2. “Hakuna kinachotokea. Anazunguka na kutoka nje ya mada.”

Shutuma hii imo ndani ya kitabu chenyewe, na anayeitoa ni Stradlater, mwenzake wa chumba kimoja bwenini. Stradlater anamwomba amwandikie insha ya kueleza mandhari, chumba au nyumba. Holden anaandika kuhusu glavu ya besiboli ya Allie, ambayo marehemu aliiandika mashairi kwa wino wa kijani apate cha kusoma mchezo ukipoa. Stradlater anakasirika kwamba siyo alichoagizwa, na Holden anaichana insha. Mara moja tu amejaribu kuuandika msiba wake, akaambiwa haukuulizwa.

Kuzunguka kwake kunatokana na hapo. Anawauliza madereva wa teksi mabata wa Central Park huenda wapi ziwa likiganda, nasi tunacheka. Lakini anachouliza ni kama kuna mtu anayewachukua wasio na pa kwenda. Salinger alijua namna hii ya kuongea pembeni ya jeraha. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitua ufukwe wa Utah Beach, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, akapigana hadi Ujerumani, na mwaka 1945 akalazwa hospitali mjini Nuremberg, akili imechoka. Desemba ya mwaka huo gazeti la Collier's lilichapa hadithi yake fupi ambayo msimulizi wake ni Holden. Vita vimetajwa kidogo mno katika riwaya, ila tunaye msimulizi anayezungumzia kila kitu isipokuwa kile kinachomuuma, mpaka kinamponyoka.

3. “Ni kitabu cha matusi, pombe na ngono, kinaharibu vijana.”

Shutuma hii ndiyo iliyoleta madhara hasa. Mwaka 1960 mwalimu mmoja wa Tulsa, Oklahoma, alifukuzwa kazi kwa kuwapa wanafunzi riwaya hii. Alipokata rufaa alirudishwa, kitabu hakikurudi. Hesabu za miaka ya 1961 hadi 1982 zinakitaja kuwa kilichopigwa vita kuliko vyote katika shule na maktaba za Marekani. Nasi Afrika Mashariki tuna kesi ya namna hiyo: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliondolewa shuleni Tanzania kwa muda, kwa sababu ilimwonyesha msichana akiharibikiwa bila kuficha namna anavyoharibikiwa.

Tazama kinachotendeka hotelini. Holden anakubali kuletewa kahaba, lakini Sunny, msichana wa rika lake, anapoingia, hamu yote inamwisha. Anamwomba waongee tu, anamlipa dola 5 bila kumgusa, na anaambulia kupigwa na Maurice, mtu wa lifti, anayerudi na Sunny kudai 5 nyingine. Kama huo ni mwaliko wa uasherati, ni mwaliko duni sana.

Wanaotaka kukifungia hawajatambua kwamba Holden ni mwenzao. Katika shule anayosoma mdogo wake Phoebe, mwenye miaka 10, anakuta tusi ukutani. Anawafikiria watoto watakaolisoma, anapandwa na hasira, analifuta kwa mkono wake. Kwenye ngazi nyingine analikuta tena, safari hii limechongwa kwa kisu, halifutiki. Baadaye analikuta kwenye jumba la makumbusho. Lakini tayari pale ngazini amefikia hitimisho kwamba hata mtu apewe miaka milioni moja, hawezi kufuta hata nusu ya matusi ya dunia. Hakuna hoja nzito kuliko hiyo dhidi ya kufungia vitabu, na imetolewa na mtu aliyejaribu kazi hiyo kwa nia njema.

4. “Kilimuua John Lennon.”

Mark David Chapman alimpiga risasi mwanamuziki Lennon mjini New York tarehe 8 Desemba 1980, akabaki palepale akisoma riwaya hii hadi polisi walipofika, na mahakamani alisoma kipande chake. Hayo ni kweli. Lakini hapo tunamjua Chapman, hatukijui kitabu. Holden anakiri wazi kuwa ni mwoga wa ngumi. Aliyomrushia Stradlater haikumpata sawasawa, na yeye ndiye aliyebaki sakafuni uso umejaa damu. Baada ya kupigwa na Maurice anajiona akimwinda kwa bastola, kisha anajikatiza na kuzilaumu filamu kwa kumjaza akilini mambo ya namna hiyo. Kitabu kinaicheka ndoto ya kisasi, na aliyeisoma kama maagizo alikuja na yake moyoni. Wamekisoma mamilioni ya watu tangu 1951, na wengi wao jambo kubwa kililowafanyia ni kuwakumbusha mtu ambaye hawajampigia simu siku nyingi.

5. “Anawachukia wanafiki, naye ni mnafiki. Nyani haoni kundule.”

Huyu nyani analiona, tena analitangaza. Mapema kabisa anatuambia kwamba yeye ni mwongo wa kupindukia. Kwenye treni anakutana na mama wa Ernest Morrow, mwanafunzi mwenzake ambaye Holden hamvumilii hata kidogo. Anamdanganya kuhusu jina lake, anamdanganya kwamba ana uvimbe kwenye ubongo, na anamwambia kwamba mwanawe anapendwa na kila mtu ila haya tu zinamzuia kujitokeza. Mama anashuka akiwa na fahari. Uongo huo una utukutu ndani yake, lakini una huruma pia, ambayo uongo wa Pencey hauna: shule inajitangaza magazetini kwa picha ya farasi, wakati mwanafunzi wake anasema hajawahi kuona farasi karibu na hapo.

Ipo sehemu ambapo shutuma inasimama. Anamtukana Sally Hayes hadi machozi yanamtoka, kisha anamwomba radhi huku kicheko kimemponyoka. Hakuna utetezi hapo. Lakini tunalijua kosa hilo kwa sababu yeye mwenyewe ametusimulia, bila kujipaka mafuta.

6. “Kitabu kinahubiri kubaki mtoto.”

Hii ndiyo shutuma ya wasomi, na ndiyo yenye nguvu. Holden anamwambia Phoebe kwamba angependa kusimama ukingoni mwa genge, kando ya shamba la nafaka watoto wanakocheza, awadake wasianguke. Ndoto hiyo ndiyo iliyokipa kitabu jina. Wengi wanaisoma kama shabaha ya riwaya: utoto ni pepo, utu uzima ni anguko.

Lakini Holden mwenyewe alianguka zamani. Watu husema hii ni riwaya ya kijana anayepoteza utoto wake, ilhali ulikwisha kabla ya ukurasa wa kwanza. Uliishia gereji, na pale chini ya dirisha la Castle. Hata mwalimu wake wa zamani, Antolini, anapomshtua usiku kwa kumpapasa kichwa usingizini, Holden anatupia kwa haraka kwamba mambo ya namna hiyo yamemkuta kama mara ishirini tangu udogoni. Hilo halirudii tena, na wakosoaji wengi nao hulipita. Anayetaka kuwadaka watoto anataka wafanyiwe ambalo yeye hakufanyiwa.

Kisha riwaya inampinga. Holden anapopanga kutorokea magharibi, Phoebe anamfuata akiburuta sanduku, anataka waende wote. Hapo ndipo anapoona kutoroka kwake kunafananaje kukiwa mikononi mwa mtoto, na anakataa kwa sauti ya mtu mzima. Anaahidi kurudi nyumbani. Baadaye Phoebe anapanda farasi wa bembea inayozunguka. Watoto wanajinyoosha kudaka pete ya dhahabu, na Holden anahofia Phoebe ataanguka. Hamdaki. Anasema watoto wakitaka kujaribu waachwe wajaribu, na wakianguka, wameanguka. Kuwazuia ni vibaya zaidi.

Hayo yamo katika sura ya 25. Ndoto ya kusimama gengeni imo katika sura ya 22. Anayedai kwamba Salinger alihubiri kubaki mtoto alifunga kitabu sura tatu mapema mno.