Mwanza isiendelee kutoa bure

Mwaka 2017 Mbao FC ya hapa Mwanza iliifunga Yanga mara mbili ndani ya mwezi mmoja pale CCM Kirumba. Aprili 30 ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, 1-0. Mei 20, siku ya mwisho ya ligi, 1-0 tena, na ushindi huo ukaibakiza Mbao Ligi Kuu. Wiki moja baadaye vijana walewale walikuwa Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, wakiisumbua Simba kwa dakika 120 kabla ya kulala 2-1 kwa penalti ya Shiza Kichuya. Na hiyo ilikuwa timu iliyopanda daraja msimu huohuo!

Kisha dirisha la usajili likafunguliwa. Kipa Emmanuel Mseja na beki Jamal Mwambeleko wakaenda Simba. Kipa Benedict Haule na kiungo Salmin Hoza wakatua Azam. Pius Buswita akasaini Simba na akasaini Yanga, TFF ikamfungia, na suala lilipomalizwa akavaa jezi ya Yanga. Ng'ambo ya ziwa, Kagera Sugar iliyomaliza ligi ikiwa ya tatu ikampoteza Mbaraka Yusuph, aliyechukuliwa na Azam. Kocha wa Mbao, Etienne Ndayiragije, alivumilia msimu mmoja zaidi, kisha akaenda KMC. Mwaka 2020 Mbao ikatolewa na Ihefu katika mchujo na kushuka daraja. Alliance, timu nyingine ya jiji hili, ilishuka msimu huohuo.

Hatumlaumu mchezaji hata mmoja. Mpira ni kazi ya miaka michache, na goti likigoma leo, kesho hakuna anayekukumbuka. Kijana wa Igoma au Kirumba akiitwa Dar es Salaam kwa mshahara mkubwa zaidi, aende. Tunachouliza ni Mwanza inabaki na nini mkononi anapoondoka.

Swali hili si la jana. Pamba, TP Lindanda, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990, na watu wazima wa jiji hili bado wanakitaja kikosi kile kwa majina. Miaka michache baadaye George Masatu na Hussein Masha, waliotoka Pamba, walikuwa Simba, ile iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Taifa zima liliwashangilia, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Lakini Pamba iliendelea kudhoofu hadi ikashuka daraja mwaka 2001, na ikakaa nje ya Ligi Kuu miaka 23. Khalfan Ngassa naye alicheza Pamba. Mwanawe Mrisho, mzaliwa wa Mwanza, alipata kuvaa jezi za Yanga, Azam na Simba, kisha akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini. Ukoo mmoja, vizazi viwili vya vipaji.

  

Sasa tuje kwenye karatasi, maana ndiko tunakoibiwa huku tumekaa macho. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu katika mkataba wake ana ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine. Mkataba ukiisha anaondoka huru, bila ada ya uhamisho. Kwa hiyo klabu inayompa kijana mkataba wa mwaka mmoja ina nusu mwaka tu wa kumwita wake. Mchezaji wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa mkataba hadi wa miaka 3, na mtu mzima hadi 5. Nafasi ipo kwenye kanuni, ni sisi tusioitumia.

Kanuni hizohizo zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Lakini klabu italipwa tu ikionyesha kwamba ilimsajili, na lini. Timu ngapi za vijana hapa Nyamagana na Ilemela zina kumbukumbu hizo? Mtoto anacheza miaka mitano kwa jina la utani na hakuna fomu yake hata moja. Nayo TFF isimamie fidia ya malezi katika uhamisho wa ndani pia, bila kuoneana haya, hata anayedaiwa akiwa Simba ya Msimbazi au Yanga ya Jangwani.

Pamba Jiji ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024, na safari hii ni timu ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Hapa ndipo tunapoona tumaini. Fedha za jiji zikiingia katika timu, mwananchi ana haki ya kujua zinanunua nini. Hatuombi mishahara ya wachezaji itangazwe. Tunaomba madiwani wajue kila mkataba unaisha lini, na nani yuko karibu kuondoka bure.

Wakiuliza Juni watakuwa wamechelewa, kwa sababu mchezaji ambaye mkataba wake unaisha Juni alishakuwa huru kuzungumza na wengine tangu Januari. Orodha hiyo iwekwe mezani kabla ya Desemba, na kila kijana ambaye benchi la ufundi linamtaka aongezewe miaka kabla ya sikukuu.