Kutunza Nguo ni Murua, Si Ubahili

Miongoni mwa neema ambazo binadamu huzitumia kila siku pasi na kuzifikiria, nguo ni mojawapo. Nayo, kwa kuwa ndiyo sitara ya mwili na dalili ya kwanza ya staha ya mtu mbele ya wenziwe, yastahiki kuangaliwa kama tunavyoangalia chakula na nyumba. Lakini aghalabu sisi hulilaumu duka, tukanung'unika kwamba vitambaa vya siku hizi ni hafifu, ilhali nguo nyingi huharibikia mikononi mwetu wenyewe, kwa kufuliwa kwa pupa, kuanikwa bila ya hadhari, na kukosa mtu wa kuzishikia sindano.

Tuanze na kufua. Jasho la pwani yetu yenye joto na unyevu, likiachwa likauke kwapani na shingoni mwa kanzu, huacha doa la manjano na kuudhoofisha uzi. Kwa hiyo kanzu iliyovaliwa Ijumaa isilale tengani ikingojea Ijumaa ya pili, bali ifuliwe mapema. Doa la damu litolewe kwa maji ya baridi, kwani ya moto huligandisha; doa la kutu katika nguo nyeupe litiwe ndimu na chumvi, liwekwe juani, kisha lisuuzwe barabara; ama utomvu wa mgomba, kwa kuwa ukishashika ni shida kuutoa, hauna dawa bora kuliko kwenda shamba na nguo ya kazi. Na doti mpya ya kanga, ikishakatwa na kupindwa, ifuliwe peke yake, maana maji ya kwanza hutoa rangi iliyozidi, na rangi hiyo ikiidaka kanzu nyeupe, zitakuwa zimeharibika kazi za mafundi wawili kwa uzembe wa mtu mmoja.

Kisha kuna kuanika. Jua huing'arisha nguo nyeupe na huichujusha ya rangi. Basi nyeupe na ianikwe juani, na kanga, kikoi na kila chenye rangi kianikwe kivulini penye upepo, au kigeuzwe ndani nje, na kianuliwe mara kikaukapo. Mwenye kutumia pasi ya mkaa aijaribu kwanza juu ya tambara, ahakikishe haina jivu wala moto uliopindukia, kwa sababu uzi ulioungua hautengenezeki tena.

Ama sindano, hiyo ndiyo iktisadi yenyewe. Mshono uliofumuka kwa upana wa kidole huhitaji uzi kidogo na subira kidogo leo. Ukipuuzwa, kesho utatatuka hadi kitambaa chenyewe, na hapo ndipo tunapokumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wako wanaoona haya kuvaa nguo yenye kiraka. Hao na wakumbuke kwamba Bibi Aisha, alipoulizwa habari za Mtume nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake kwa mkono wake mwenyewe. Basi ni nani miongoni mwetu aliye mtukufu hata sindano imshushie hadhi? Kiraka safi kilichoshonwa sawasawa hakimtii mtu aibu. Aibu ni uchafu na tundu lililoachwa wazi.

Na katika kuweka, adui mkubwa ni unyevu. Nguo isiyokauka vyema isikunjwe sandukuni, kwani itaota kuvu. Wala nguo iliyotiwa wanga isiwekwe kwa muda mrefu, maana wanga huwaita mende na wadudu wengine. Kufukiza udi ni ada njema ya wazee wetu, lakini ifukizwe nguo iliyokwisha kufuliwa: moshi huleta harufu nzuri, hauondoi jasho.

Atasema mtu: mitumba imejaa masokoni, bei ni nafuu, ya nini taabu yote hii? Tunamjibu kwamba anayenunua mashati matatu kwa mwaka, pahali ambapo moja lililotunzwa lingalimtosha, hakupata unafuu wowote, ila ameigawa hasara yake mafungu madogo madogo asiyaone. Wenye maarifa hawaitupi hata kanga iliyochakaa. Huifanya mbeleko, kisha nepi za mtoto, kisha tambara la kupangusia, hata itoe manufaa yake yote.

Kwa hiyo, enyi wazazi, wafunzeni watoto wenu, wa kiume kwa wa kike, kufua, kupinda na kutia kiraka, kabla hamjawafunza kuchagua nguo dukani. Israfu huanza katika vitu vidogo, nao uangalifu hujifunziwa humo humo. Na kijana aliyezoea kuitunza kanzu yake moja atajua pia kuitunza mali, nyumba na amana za watu atakapokabidhiwa.